Ubao wa sm 240, stesheni ya mtindo wa reli ya Tanga na seti ya injini ya shaba: nianzie wapi?

MkongeLine

Wakuu habari za humu. Naomba muongozo kabla sijakata mbao.

Nataka kujenga stesheni ndogo ya mizigo ya mtindo wa njia ya Tanga–Moshi, miaka ya 1950 hadi 1960, enzi za East African Railways and Harbours. Iwe na ghala la mkonge, tangi la maji na banda la bidhaa. Nafasi ni rafu ya ukutani, urefu sm 240 na upana sm 45, na lazima iwe vipande viwili vya sm 120 ili itoke mlangoni. Nipo pwani, kwa hiyo unyevu ni wa mwaka mzima.

Reli za geji (umbali kati ya reli mbili) ya mm 16.5 ndizo nyepesi kuagiza. Tayari ninayo seti ya shaba ya injini ya tangi ya Kiingereza, 0-6-0 (magurudumu sita, yote ya kusukuma), skeli ya 1:76, ya kulehemu mwenyewe. Fremu ni nikeli silva, bodi ni bati la shaba ya manjano lililochongwa kwa asidi, chimni na kuba ni yale madini laini meupe. Magurudumu ni ya mm 14, na mota na gia zimo.

Ninachouliza ni hivi. Reli ya geji ya mita moja, kama hiyo ya Tanga, kwa geji ya mm 16.5 inakaaje? Ramani gani ya njia inaingia kwenye sm 240 na bado ikawa na kazi ya kufanya, si treni kwenda na kurudi tu? Na hiyo seti naanza na nini, maana nasikia injini nyingi za kuunga zinaishia kukwama-kwama hata zikipendeza machoni.

Natanguliza shukrani.

GejiMita

Karibu mkuu. Anza na hesabu ya geji, kwa sababu geji inaamua skeli, na skeli inaamua ubao wako utabeba nini. Gawanya mm 1,000 kwa skeli:

1:76 inatoa mm 13.2
1:87 inatoa mm 11.5
1:64 inatoa mm 15.6

Ukitumia reli za mm 16.5 kwa 1:76, umejenga reli ya mm 1,254. Robo mita nzima imezidi, na jicho linaikamata mara moja ukitazama injini kwa mbele. Lakini reli hizohizo kwa 1:64 zinasimama badala ya mm 1,056. Kosa halifiki asilimia 6, na injini ikishakaa juu ya reli hakuna anayeliona. Wanaounda mifano ya reli za Afrika Kusini, New Zealand na Queensland, ambako geji ni mm 1,067, wanatumia mchanganyiko huohuo wa 1:64 na mm 16.5. Kwa TAZARA, ambayo nayo ni mm 1,067, inakaa karibu sawasawa kabisa.

Njia ya pili ni 1:87 juu ya reli za mm 12. Peco na Tillig wanazitengeneza, na kosa lake ni dogo zaidi (mm 1,044). Faida yake ni nafasi. Garratt ya daraja la 59, ile injini kubwa ya mvuke ya mita 31.7, inakuwa mm 365 kwa 1:87 na mm 496 kwa 1:64. Ila zile zilikuwa injini za Mombasa–Nairobi, mzigo wa ekseli tani 21. Kwenye stesheni ya mkonge huna haja nayo, kwa hiyo hoja hiyo haikubani.

Mimi nakushauri 1:64 juu ya mm 16.5. Reli, pointi (za kugawanya njia), magurudumu, ekseli, mota na gia zote za 00 (1:76 juu ya mm 16.5) zinatumika bila kubadilisha kitu. Seti uliyonayo inatembea kwenye reli hizohizo. Bodi yake ya 1:76 itaonekana ndogo pembeni ya mabehewa ya 1:64, tofauti ni karibu asilimia 19, na hilo halifichiki. Iunge kama ilivyo, ikufundishe fremu. Baadaye fremu hiyohiyo inaweza kubeba bodi ya 1:64 utakayoikata mwenyewe, maana gurudumu la mm 14 kwa 1:64 ni sm 90 na kidogo pungufu, kipimo cha kawaida kabisa kwa injini ndogo ya shanti (ya kupanga mabehewa).

Reli nunua kodi 75, usinunue kodi 100. Kodi 75 ina kimo cha mm 1.9, na mara 64 ni mm 122. Kodi 100 inakuwa mm 163, kubwa kuliko reli yoyote iliyokuwa kwenye njia za mita za Afrika Mashariki wakati ule. Na mataruma ya reli hizi yamebanana mno. Geuza kipande, kata vile viunganishi vya plastiki chini ya reli, kisha sogeza mataruma hadi mm 11 kutoka katikati hadi katikati, sawa na sm 70 halisi. Njia nyingi za huku zilitandikwa mataruma ya chuma, kwa hiyo paka rangi ya kutu na uyazike kwa udongo hadi karibu na uso wake. Ukiyaacha yamesimama juu ya kokoto nyeupe umejenga Uingereza.

ShantiYaSaba

Kwa sm 240 ramani yenye kazi kuliko zote ni ile ya Inglenook, iliyobuniwa na Alan Wright wa Uingereza. Pointi mbili tu, njia tatu za kuegesha na njia moja ya kuvutia, yaani ambako injini inavuta mabehewa kuyatoa. Njia ndefu inabeba mabehewa 5, zile mbili zinabeba 3 kila moja, na njia ya kuvutia inabeba injini na mabehewa 3. Unaweka mabehewa 8 uwanjani, unaokota kadi 5 bila kuchagua, na kazi ni kupanga mabehewa hayo 5 kwa mfuatano ule ule kwenye njia ndefu. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Ndiyo maana haichoshi.

Masharti ya urefu ndiyo mchezo wenyewe. Njia ya mabehewa 3 (niite njia ya 3, na ile ndefu njia ya 5) ikiweza kumeza behewa la nne, fumbo linaisha utamu. Njia ya kuvutia ikipungua hata sm 2, fumbo halifunguki. Kwa hiyo pima kwa behewa lako refu kuliko yote, usikadirie.

Tuchukue behewa la bogi la mita 12 kwa mfano. Kwa 1:64 ni mm 187.5, na ukiongeza kiunganishi andika 192. Njia ya 5 inahitaji mm 960. Njia ya 3 inahitaji mm 576. Injini ya shanti iwe mm 180, basi njia ya kuvutia ni 576 + 180 = mm 756.

Pointi za Peco za ukubwa wa wastani zina urefu wa mm 219 na pembe ya nyuzi 12. Ndogo ni mm 185, kubwa mm 258. Chukua za wastani. Ndogo zinapita, lakini bogi ndefu zikisukumwa kinyumenyume hapo viunganishi vinavutana upande na behewa jepesi linaruka.

Sasa kosa linaloharibu ramani nyingi: watu wanahesabu njia ya kuegesha kuanzia pale pointi inapoishia. Behewa haliwezi kusimama hapo, kwa sababu litagongwa na linalopita njia ya pili. Mwisho wa pointi hizi katikati ya njia mbili zimeachana mm 25 hivi tu. Mabehewa ya 1:64 yana upana wa mm 45, kwa hiyo hesabu nafasi ya kuegesha pale njia zinapokuwa zimeachana mm 55. Ukitoka na mstari ulionyooka kidogo halafu ukakunja kwa nusu kipenyo cha mm 900 kurudi sambamba, unafika hapo baada ya mm 145. Hizo mm 145 kwa kila njia ndizo watu wanazisahau, na ndizo zinazowafanya waishie na njia ya mabehewa 4.

Kuanzia kushoto: kizuizi mm 25, njia ya kuvutia 756, pointi ya kwanza 219, tumefika 1,000. Njia ya 5 inatoka nyuma: 1,000 + 145 + 960 = 2,105. Pointi ya pili inafuata kwenye mkono ulionyooka: 1,219. Ongeza 145 na 576, tumefika 1,940. Ongeza vizuizi mm 25 kila njia. Vyote vimeingia, na unabaki na karibu sm 27 za mandhari upande wa kulia.

Peco wanatoa michoro ya karatasi ya pointi kwa ukubwa halisi, bure. Ichapishe, hakikisha printa haijapunguza (pima mm 219 kwa rula), ibandike ubaoni, kisha kata kadibodi 8 za mm 188 kwa 45 na moja ya mm 180. Cheza fumbo zima kwa kadibodi kabla ya kununua pointi hata moja. Banda la mkonge liweke nyuma ya njia ya 5. Tangi la maji liweke pembeni ya njia ya kuvutia, ambako injini inasimama kweli.

PlaiwudiNaWaya

ShantiYaSaba hesabu yako ni safi lakini tazama kiungo cha ubao. Vipande ni sm 120 kila kimoja, yaani kiungo kiko mm 1,200. Pointi yako ya pili inaanzia 1,000 inaishia 1,219. Kiungo kinapita mle ndani kabisa ya pointi, karibu na kisigino chake. Pointi haikatwi.

Dawa ipo bila kupoteza kitu. Acha pointi ya kwanza palepale, weka reli iliyonyooka mm 260 baada yake, pointi ya pili ianze 1,260 na iishe 1,479. Hapo njia ya 3 inafika 1,479 + 145 + 576 = 2,200, na kizuizi kinaishia 2,225. Bado umo ndani ya 2,400. Kwenye kiungo zitapita njia mbili tu, ile ya katikati ikiwa imenyooka na ile ya nyuma ikiwa imekaribia kuwa sambamba, na zote mbili zinavuka kwa pembe ya kukaribia mraba. Reli inayovuka kiungo kwa mshazari hupinda ikiguswa.

Pale kiungoni, kila upande, piga skrubu mbili za shaba chini ya kila reli, kichwa kikiwa usawa wa chini wa reli, na ulehemu reli juu yake. Tandika reli nzima ikivuka kiungo, ubao ukiwa umefungwa kwa bolti, halafu ndipo ukate kwa kisu cha diski. Ukikata kwanza na kutandika baadaye hazitakutana tena. Bolti peke yake hazitoshi kurudisha mbao palepale. Weka pini mbili za shaba za kuingiliana dume na jike, na bolti za M8 ziwe za kubana tu.

Mbao: plaiwudi mm 9 juu, mbavu za plaiwudi hiyohiyo zenye kimo cha mm 80, nafasi ya sm 30 kati ya mbavu. Kwa pwani usiweke chipubodi wala MDF, kwani inavuta unyevu kwenye kingo na kuvimba. Paka vanishi pande zote, juu, chini na hasa kingo, mara mbili, kabla hujatandika chochote. Ukipaka juu tu, upande wa chini unavuta unyevu na ubao unapinda kama bakuli.

Reli yenyewe hairefuki sana: mita moja ya nikeli silva inaongezeka mm 0.16 joto likipanda nyuzi 10. Ubao ndio unaosogea zaidi. Acha mwanya wa nusu milimita kwenye kila kiungio cha reli na inatosha.

Umeme. Nunua pointi ambazo moyo wake (pale reli mbili zinapokatana) ni wa chuma, na moyo huo uupe waya wake kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi. Moyo wa plastiki una sehemu isiyo na umeme, na injini ya magurudumu sita yenye ekseli fupi itasimama pale kila mara, hasa kwa mwendo wa shanti. Kama pointi ni zile za moyo wa chuma usiotengwa, reli mbili za ndani zinazotoka kwenye moyo lazima zipate viungio vya plastiki. Usipoviweka, njia mbili zikishapewa waya zao utapata shoti kila ukigeuza pointi.

Kila kipande cha reli kipewe waya wake wa kushukia chini, hata kama ni kifupi. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Kwa hewa ya chumvi vinashika ukungu wa kijani ndani na umeme unapungua kidogo kidogo hadi injini inazima. Waya mkuu chini ya ubao uwe wa mm 1.5 za mraba, rangi mbili, na kiungoni tumia plagi, si waya wa kusokota.

Risasi145

Nimewaachia ramani wenzangu. Mimi nazungumzia seti.

Usianze na bodi. Bodi inavutia, lakini fremu isiyotembea haiponi kwa kufunikwa. Fremu itembee kwa mota, mbele na nyuma, polepole, ndipo uguse bati la bodi.

Kabla ya kuanza kulehemu, andaa: pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 50 yenye ncha pana ya patasi, risasi ya kulehemu inayoyeyuka kwa nyuzi 145 kwa kazi nyingi na ya nyuzi 188 kwa fremu, risasi ya nyuzi 70 kwa yale madini laini, flaksi ya maji yenye asidi ya fosfori, tupa bapa ndogo na ya mviringo, rima ya kupanua matundu, kalipa, kipande cha kioo kinene, na pini tatu za chuma za mm 3.2 zenye urefu wa sm 15. Flaksi ya kuweka ndani ya waya, ile ya mafundi redio, haifai kwa shaba ya bati. Inaacha gundi ya kahawia ambayo rangi haishiki.

Anza na fito zinazounganisha magurudumu. Kwa kawaida kila ufito ni tabaka mbili au tatu za kulehemu pamoja. Zifanye kwanza kwa sababu fito ndizo zitakazokuwa kipimo cha umbali kati ya ekseli. Tabaka zilinganishe kwa kupitisha kijiti cha mbao, si cha chuma, kwenye matundu, kwani risasi haishiki mbao. Tundu lipanue kwa rima hadi pini ya krenki ipite bila kulegea. Usitoboe kwa biti kubwa moja kwa moja, inanasa bati na kulikunja.

Fremu zikate kutoka kwenye bati mama juu ya kitu kigumu, sawazisha kwa tupa vile vikia vinavyobaki. Matundu ya bushi yapanue kwa rima kutoka pande zote mbili, kidogo kidogo, hadi bushi iingie kwa kusukumwa na kidole. Ukipanua kwa upande mmoja tundu linakuwa la mshazari. Sehemu zenye mstari uliochongwa nusu kina zinakunjwa mstari ukiwa ndani ya mkunjo, kisha unapitisha risasi kwenye mkunjo ili usirudi.

Vitenganishi vya fremu: seti nyingi zinakuja na vya geji tatu tofauti. Chukua vile vya mm 16.5, vile vyembamba kuliko vyote. Shikiza kwa tone moja kila kona, usijaze bado. Pitisha zile pini tatu za sm 15 kwenye bushi. Sasa pima kwa kalipa umbali kati ya pini ya mbele na ya kati kwenye ncha ya kushoto, halafu ncha ya kulia. Vipimo vikitofautiana ekseli haziko sambamba, na kwa kuwa pini ni ndefu, kosa dogo la fremu linaonekana kubwa. Yeyusha tone, sogeza, pima tena. Simamisha fremu juu ya kioo kwa pini hizo: ikicheza hata kidogo, bushi moja iko juu au chini. Ikitulia, ndipo ujaze risasi ya nyuzi 188, ukiruka kutoka kona hadi kona ya mkabala ili joto lisiivute upande mmoja.

Magurudumu. Nyuma kwa nyuma, yaani umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja, iwe mm 14.5 kwa geji hii, pima sehemu tatu za mzunguko. Zikitofautiana gurudumu limekaa mshazari. Krenki za upande wa kulia na kushoto zipishane robo mzunguko, nyuzi 90. Romford na Markits wana ekseli za ncha ya mraba, zinajipanga zenyewe. Za kusukuma kwenye ekseli ya mviringo zinahitaji jigi. Nyuzi 90 kamili si muhimu kama kufanana: ekseli zote tatu zikiwa na 88, injini itatembea. Moja ikiwa 88 na nyingine 91, itakwama.

Ufito ufunge kwa ekseli mbili kwanza, upande mmoja, sukuma kwa kidole juu ya kioo. Halafu upande wa pili. Halafu ekseli ya tatu. Usifunge zote kwa mkupuo, hutajua mgonjwa ni yupi. Fremu isiyo na mota iteremke yenyewe kwenye kioo kilichoinuliwa kidogo. Mota haitibu fremu inayokwama. Inaificha kwa wiki chache, kisha inakula gia.

Gia na mota mwisho. Kati ya meno ya parafujo na gurudumu la gia acha mchezo wa unene wa karatasi ya daftari. Mota ishikwe isizunguke, lakini isibanwe kwenye fremu kwa nguvu, maana sanduku la gia linatakiwa kuelea kidogo na ekseli.

Osha kila unapomaliza kulehemu, siku ileile. Brashi ya meno, maji ya moto, sabuni ya unga na magadi kidogo kuua asidi. Kwa unyevu wa pwani, flaksi iliyobaki hata usiku mmoja inageuza shaba kuwa kijani na inaingia ndani ya bushi.

MkongeLine

Wakuu nashukuru sana. Ramani nimeichora upya kwa vipimo vya dada PlaiwudiNaWaya, na mm 260 katikati ya pointi zinanipa pia mahali pa kuweka barabara ya kukatiza reli, mbali na kiungo.

Nina mambo matatu kwa Risasi145. Ikikwama nitajuaje kama ni fito au ni krenki? Fremu iwe ngumu au ekseli ziwe za kupanda na kushuka? Na umeme unachukuliwaje kutoka magurudumuni bila shoti, maana fremu yote ni chuma?

Risasi145

Sikiliza inakokwama. Tia alama ya rangi kwenye gurudumu moja, zungusha taratibu, tazama krenki iko wapi inapogoma.

Ikigoma krenki ya upande huo ikiwa imelala, yaani imeelekea mbele kabisa au nyuma kabisa, umbali wa matundu ya ufito haulingani na umbali wa ekseli. Krenki ikisimama wima tofauti hiyo inamezwa na gurudumu kuzunguka kidogo, lakini ikilala hakuna pa kumezwa. Ikigoma katikati ya nafasi hizo, mara nne kwa kila mzunguko, krenki hazijapishana sawa kati ya ekseli moja na nyingine. Ikigoma mara moja tu kwa mzunguko na ukitoa fito bado inagoma, tazama gia, au gurudumu linalogusa fremu. Ufito unaopishana na umbali wa ekseli kwa kidogo unaweza kupanua tundu lake kwa rima, zamu mbili, jaribu, zamu mbili, jaribu. Ukizidisha, krenki zinaanza kuchezacheza na injini inatembea kwa kuchechemea.

Fremu ifanye ngumu. Ekseli za kupanda na kushuka zinasaidia sana kuchukua umeme, lakini zinadai ufito wenye kifundo kwenye pini ya kati, na mhimili wa ndani uliopimwa vizuri. Ubao wako ni tambarare, pointi mbili tu, na mwendo ni wa polepole. Fremu ngumu iliyokaa sawa kwenye kioo itatosha.

PlaiwudiNaWaya

Hapo kwenye fremu ngumu natofautiana kidogo. Fremu ngumu inadai njia isiyo na nundu, na kwenye kiungo cha ubao nundu huja yenyewe mbao zikivuta unyevu. Kama anabaki na fremu ngumu, apunguze bushi za ekseli ya kati kwa chini na juu, kwa tupa ya mviringo, robo milimita tu. Ekseli ya kati itakuwa na mchezo wa wima na injini haitapiga pembea juu ya kiungo. Ila iwe hivyo tu kama gia iko ekseli ya mbele au ya nyuma.

Risasi145

Nakubali, na gia ya seti za aina hii mara nyingi iko nyuma. Thibitisha kwenye mchoro wako kabla hujapiga tupa.

Umeme: kata kipande cha bodi ya saketi yenye shaba, mm 6 kwa 20, kibandike chini ya fremu kwa gundi ya araldaiti, upande wa shaba ukiangalia chini. Gawa shaba hiyo katikati kwa msumeno, upande wa kushoto na wa kulia, na uhakikishe kwa mita kwamba hazigusani na hakuna hata mmoja unaogusa fremu. Lehemu hapo nyaya za fosfa bronzi za mm 0.4, moja kwa kila gurudumu, zote sita. Ncha yake iguse nyuma ya ukingo wa gurudumu kwa mgandamizo mwepesi. Uzipe urefu, angalau mm 20, na uzikunje mara moja, kwani waya mfupi ni mgumu na unafunga gurudumu kama breki. Baada ya kila waya, rudia mtihani wa kuteremka kwenye kioo.

Shoti nyingi kwenye seti hizi hutoka kwenye vyuma vya breki. Vinaning'inia mbele ya ukingo wa gurudumu, vimeunganika na fremu, na injini ikikata kona gurudumu linavigusa. Acha mwanya wa mm 0.7 au zaidi, au vitengeneze kwa plastiki. Shoti nyingine ni ya bodi: ngazi na mabomba ya upande hugusa magurudumu ya mbele. Paka rangi ndani ya bodi na ubandike karatasi pale penye mashaka.

Chimni na kuba viwekwe mwisho kabisa, kwa risasi ya nyuzi 70 na pasi iliyopunguzwa joto. Kwanza paka shaba risasi ya nyuzi 145, maana ya nyuzi 70 haishiki shaba tupu. Kama pasi yako haipunguzwi, tumia araldaiti ya kukauka polepole. Madini haya yakiyeyuka hayarudi umbo.

Uzito: lenga gramu 200 hivi kwa jumla, vipande vya madini ya risasi ndani ya matangi ya pembeni, na injini isimame sawa ukiishikilia kwa kidole chini ya ekseli ya kati. Ikilala mbele au nyuma, hamisha risasi, usiongeze.

GejiMita

Nyongeza moja juu ya mabehewa, kwa kuwa fumbo la ShantiYaSaba linategemea kuunganisha na kuachanisha mara nyingi. Viunganishi vya Kadee vya sumaku vinafaa, ila sumaku ya chini ya reli iweke baada ya ule mpaka wa mm 145, moja kwa kila njia ya kuegesha, wala usiiweke karibu na pointi. Ukiiweka pale treni inaposimama mara kwa mara, mabehewa yataachana bila kuombwa. Kimo cha viunganishi vyote kipime kwa kipimo kimoja kutoka juu ya reli, na behewa la bogi la mm 188 lipe gramu 90 hadi 110. Mepesi kuliko hapo yatarushwa na viunganishi ukisukuma matano kwenda njia ya 5.

MkongeLine

Nimeelewa. Naanza na fito kesho, na pini za sm 15 naziagiza kwa fundi wa mashine. Picha ya fremu juu ya kioo nitaiweka hapa kabla ya kujaza risasi, mnikosoe ikiwa bado inayeyuka.

Risasi145

Weka na namba za kalipa, ncha ya kushoto na ya kulia, kwa jozi zote mbili za ekseli. Picha peke yake haionyeshi kosa la sehemu ya kumi ya milimita.